Nesi Asiyetazama

Simpendi. Naanza na hilo ili atakayesoma asije akasema nimemvizia njiani. Pale Kibondo ukitamka kwamba humpendi Nesi, mtu anakuuliza kwa upole kama umekula.

Tulimwita Nesi, basi. Manesi ni wengi, hospitali imejaa manesi wenye majina yao, lakini ukisema Nesi bila kuongeza neno, hata mwendesha bodaboda aliyehamia juzi alijua akupeleke wapi: kwenye kile kiduka cha dawa karibu na soko, chenye mlango wa bluu na benchi la wanawake nje. Alikuwa ameshastaafu serikalini wakati mimi nafungua kibanda changu cha vitenge, na tulitazamana barabara katikati. Miaka yote hiyo nimemwona akifungua kufuli, akipiga chafya, akifukuza mbuzi. Ninamjua kuliko wanaomsifu.

Alikuwa msafi wa kukera. Kila asubuhi alideki kiduka kwa maji ya dawa mpaka harufu ikavuka barabara na kuingia kwenye vitenge vyangu, nikawa nauza nguo zinazonukia wodi. Wateja walivua ndala nje. Siku moja mwanamke aliyetoka Kitahana alikuta ndala zake zimeondoka na mtu mwingine, akaanza kulia. Nesi akavua zake akampa, akarudi nyumbani pekupeku kwenye ule udongo mwekundu, na wakati wote anaondoka alikuwa anamgombeza yule mwanamke kwa kulilia viatu mbele za watu. Ndivyo alivyokuwa. Alikupa kitu na kukusema papo hapo.

Neno lake lilikuwa "Nimeshajua." Unaanza kueleza mgongo ulivyoanza kuuma ulipokuwa unapalilia maharage, hujafika hata kwenye maharage yenyewe, yeye anasema, "Nimeshajua, mama," na mkono umeshafika kwenye rafu. Mara nyingi alikuwa anajua kweli. Hilo nalo liliniudhi, maana mtu anayepatia mara nyingi hivyo hakuna anayemuuliza siku anayokosea.

Nitayasema mazuri yake, ingawa nayasema kwa meno yaliyokaza. Alipokuwa kazini bado, alikwenda Mabamba wakati wa mvua kumzalisha mwanamke aliyekwama, gari likazama kwenye tope, akashuka akatembea. Mtoto yule sasa ni mwanamume mwenye ndevu na bado analetwa kumwamkia. Hakupokea zawadi. Mume aliyempiga mkewe, Nesi alimfuata mpaka kilabuni, akamsema mbele ya wenzake mpaka akaacha kibuyu chake na kutoka. Na nilimwona kwa macho yangu siku mama mmoja wa kambi ya wakimbizi alipoingia mbio na mtoto aliyekakamaa mgongoni akisema, "Mama Nesi, mutoto amekaza!" Nesi hakusema habari ya ndala siku hiyo. Alimpokonya yule mtoto, akatoka naye mbio kuelekea hospitali, mzee mzima, kitambaa cha kichwa kimemdondoka barabarani. Mtoto alipona.

Kwa mtoto mwenye homa, kwa mjamzito aliyevimba, kwa mzee anayekohoa damu, Nesi alikuwa wa kwanza kutaja hospitali, tena kwa ukali. Palikuwa na mahali pamoja tu kwenye mwili wa mtu ambapo hospitali yake ilikoma.

Nyuma ya kiduka kulikuwa na pazia, na nyuma ya pazia kitanda. Mwanamke mwenye shida ya chini aliingia akaketi pale kitandani na nguo zake zote. Nesi alibaki upande wa pili wa pazia, amegeuza mgongo, anauliza akiwa ameelekea rafu: "Kunawasha? Kunachoma ukikojoa? Kunatoka maji?" Wewe unajibu ndiyo au hapana, unaliambia pazia. Kisha mkono wake unapenya pembeni ya kitambaa na dawa: mrija wa krimu, vidonge kwenye karatasi, au kichupa cha GV, ile dawa ya zambarau inayopakwa vidonda. "Paka mwenyewe, mama, kwa kidole kilichooshwa." Basi, umetibiwa. Hujavua, hujatazamwa, unatoka umenyoosha shingo.

Wanawake walimpenda kwa hilo kuliko kwa mengine yote. Walitoka Mabamba na baiskeli, wakapita mbele ya geti la hospitali yenye madaktari, wakaja kuketi kwenye benchi lake. Ukiwauliza, walikuambia kwamba kule hospitali unavuliwa, vijana walio sawa na wanao wanakuja na taa, wanasemezana juu yako kana kwamba hupo. Wala hawakudanganya. "Nesi ana heshima," walisema. Nimelisikia neno hilo kwenye benchi lile mpaka sasa nikilisikia kanisani nakunja uso.

Kwetu Waha, habari za mwili wa mwanamke hupelekwa kwa shangazi. Hazipelekwi kwa mama, na kwa binti ndiyo kabisa. Mama yangu alikuwa na shangazi yake aliyemtegemea kwa hayo, na shangazi huyo alipofariki, mama akampa Nesi nafasi ile. Kwa hiyo mama alipoanza kuwashwa, mimi niliyeishi naye nyumba moja, niliyempikia na kumfulia, sikuambiwa. Nilimwona akivuka barabara, ananipungia mkono, anaingia kwenye mlango wa bluu. Nilidhani ni wazee wawili wanaopiga soga.

Niliyajua baadaye, kwa vipande. Muwasho ulikuja na kutulia, ukaja tena. Nesi akatoa krimu. Ngozi ikawa ngumu na nyeupe, ndivyo mama alivyoihisi kwa kidole, maana hata yeye hakuwahi kujitazama. Nesi akatoa vidonge. Kisha kukapasuka kidonda, Nesi akatoa GV, na ilipoisha akatoa nyingine. Misimu miwili ya mvua ikapita. Misimu miwili wanawake wawili wenye akili zao walitibu kitu ambacho hakuna hata mmoja wao aliyekiona.

Nilishtuka kanisani. Mama alikuwa anasimama ibada nzima, wenzake wameketi. Nyumbani aliketi kwa upande mmoja, na harufu ikaanza ambayo sabuni haikuitoa. Nilimvuta kwenda hospitali, nasema kumvuta. Daktari kijana alipomlaza akaanza kufuta, akafuta, akabadilisha pamba, akafuta tena. "Mama amepakwa nini?" aliniuliza. Zambarau ilikuwa imekolea kiasi kwamba hakuona kidonda kinaanzia wapi wala kinaishia wapi. Akakata kinyama kidogo, kikapelekwa kupimwa, na jibu likarudi: saratani, ya sehemu ya nje ya uke. Nilikuwa sijui kwamba saratani inakaa hata pale. Nilizijua za kizazi na za titi, zile zinazotangazwa redioni.

Tukapewa rufaa, na Mwanza tulimkuta daktari bingwa wa kike, mwenye sauti ndogo na mikono mikubwa. Alinieleza bila kunizungusha. Saratani hii haina haraka sana mwanzoni, alisema. Ikiletwa ikiwa ndogo, inakatwa yenyewe na ukingo wa ngozi nzima kuizunguka, mwanamke anarudi nyumbani na kuzeeka. Ikiachwa inatambaa, halafu inashuka kwenye mitoki, zile tezi za kinena, na ikishafika huko, upasuaji unakuwa mkubwa, inaongezwa mionzi, na daktari haahidi tena kitu. "Hiki ni cha muda mrefu," alisema. "Nani alikuwa anamwangalia?"

Nilisema, "Hakuna aliyekuwa anamwangalia." Hilo lilikuwa kweli tupu.

Walimkata kwingi. Waliondoa sehemu ya nje karibu yote, na mitoki ya pande zote mbili. Mishono ya kinena upande wa kulia ikafumuka baada ya siku chache, wakasema hutokea mara nyingi, pale pana unyevu na pana kujikunja. Tukakaa Mwanza kuliko tulivyotarajia, na tuliporudi Kibondo kazi ya kidonda ilikuwa yangu. Kila asubuhi maji ya chumvi kwenye beseni, shashi, taa ya simu. Mama alijifunika kanga usoni, mimi natazama. Nilikuwa naogopa nyama wazi maisha yangu yote, nikajifunza kuipenda ile nyekundu safi inayojaa kutoka chini. Kilifunga. Mitoki ilipopimwa ilikutwa safi, na daktari akasema mama ana bahati ambayo hakuistahili kwa ule muda aliochelewa.

Lakini kupona si kurudi ulivyokuwa. Mguu wa kulia ulivimba kwa sababu ya ile mitoki iliyoondolewa, mpaka leo anaufunga bandeji na kuuinua kwenye kigoda. Mkojo ulimtawanyikia, akaanza kuogopa safari. "Wamenifyeka kama shamba," aliniambia siku moja akiwa anacheka, halafu akaacha kucheka. Alitakiwa arudi Mwanza kila baada ya miezi kadhaa kuangaliwa, kwa sababu ugonjwa huu hupenda kurudi kandokando ya kovu. Ukirudi ukakutwa mdogo, unakatwa tena na mtu anaishi. Ukikutwa umeshakomaa, hapabaki cha kukata. Nilimwambia mama maneno hayo kwa Kiswahili na kwa Kiha. Alikwenda mara moja. Mara ya pili akasema mguu unauma. Mara ya tatu akasema wazi, "Nimeshavuliwa vya kutosha."

Nesi alikuja kututembelea tuliporudi. Alileta kuku na chupa ya uji wa ulezi, akaketi, akalia machozi ya kweli, akasali sala ndefu. Aliuliza mama anakula nini, analala saa ngapi, mguu anauweka vipi. Kuhusu kidonda hakuuliza hata neno moja. Na mama, aliyekatwa, ndiye aliyekuwa anambembeleza: "Usilie, Nesi wangu, usilie." Niliwapa chai, ya Nesi sikuitia sukari, makusudi. Aliinywa yote na kunishukuru, nikakasirika zaidi.

Halafu miguu yake ikachoka, binti yake akamchukua Kasulu, kiduka kikafungwa. Nilishangilia kimoyomoyo. Benchi likaondolewa, na wanawake wa Mabamba, nikajiambia, sasa wataishia pale getini kwa madaktari.

Mama naye akaanza safari. Kuna binamu Kitanga, huko huko Kasulu, alisema, anaumwa, lazima nimjulie hali. Yule yule aliyeogopa basi la Mwanza kwa ajili ya mkojo akawa anapanda gari la Kasulu na furaha usoni. Binamu akaugua muda mrefu sana. Kisha nikafua kanga ya mama, nikaona doa la zambarau.

Nilikaa chini pale kwenye beseni, povu mikononi. Nilimuuliza mama, akasema ni kijidude tu pembeni ya kovu, kigumu kidogo, na Nesi amesema ni kovu linajifunga. Nikamwomba nitazame. Akakataa. Mimi niliyemsafisha wiki nzima nzima, akaniambia, "Ile ilikuwa hospitali. Sasa mimi ni mama yako." Nikamwomba twende Mwanza, nikalia, nikamwita mchungaji, nikanuna. Alinisikiliza vizuri na kunipakulia chakula. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mama yangu atakufa kwa adabu, na kwamba duniani kuna mdomo mmoja tu anaoutii.

Basi Jumamosi nikamwambia, "Leo kwa binamu tunakwenda wote."

Kasulu kulikuwa na baridi na ukungu. Nyumba ya binti yake iko mtelemkoni, sebule ina makochi yaliyovishwa vitambaa vya kufuma, sakafu inanukia dawa. Nesi alikuwa amekonda. Sweta lilimning'inia, miwani ilikuwa kifuani kwa kamba. Alituamkia kwa Kiha, akatuletea chai yenye tangawizi, akamuuliza mama habari za mguu. Kisha, bila kusemeshwa, akainuka kwenda kabatini, na nikaona kile kichupa kinatoka.

"Hapana," nikasema. "Leo utamtazama."

"Mwanangu!" mama akamaka kwa Kiha. "Mawe! Aibu gani hii!"

Nesi aliniangalia kwa ule ukali wake wa zamani. "Nimefanya kazi hii wewe hujazaliwa. Nimeshajua tatizo la mama yako."

"Shikamoo yako niliitoa mlangoni, mama, sirudii. Umemtibu miaka, hujawahi kumwona. Mtazame. Ukisema ni kovu, na iwe kovu, nitakuomba radhi kwa magoti, mbele ya mwanao na mbele ya majirani. Lakini mtazame."

Mama alikuwa ameshika pindo la kanga yake kwa mikono yote miwili. Hakuniangalia mimi. Alimwangalia Nesi, na nilijua akisema hapana tu, tumemaliza, tutanyanyuka na kurudi Kibondo na kichupa kwenye mkoba.

Nesi akavaa miwani. "Njoo chumbani, dada," akamwambia mama. "Na wewe njoo ushike taa, kama unayajua sana."

Mama alilala, akavuta kanga usoni. Niliwasha taa ya simu. Kijidude kilikuwa pale pembeni, kidogo kama punje ya harage, kimepasuka kati, na zambarau kote. Lakini Nesi hakuwa anatazama kile. Alikuwa anatazama pengine pote, kovu lote, mahali palipokuwa na kitu na sasa hapana, mistari ya kinena, paja lililovimba. Alitazama muda mrefu mpaka simu ikaanza kunichosha mkono. Kisha akagusa kile kijidude kwa kidole, kwa pande zote, taratibu, kama muuguzi wa kweli, na nikaona kwamba alikuwa muuguzi mzuri sana. Nilimchukia kwa hilo kuliko siku zote.

Akamfunika mwenyewe. Akaketi kitandani, akaushika ule mguu uliovimba.

"Ni kovu, Nesi?" mama akauliza chini ya kanga.

"Si kovu. Ugonjwa umerudi. Bado mdogo. Nenda Mwanza wakate."

"Watanivua tena."

"Ego, watakuvua. Vua. Nenda wiki hii hii, usingoje mguu, usingoje mvua."

"Haya," mama akasema.

Haya! Nilikuwa nimelia kuitafuta haya hiyo, mchungaji ameitafuta, daktari bingwa ameitafuta. Ilikuwa kwenye mdomo wa huyu mwanamke miaka yote, rahisi kuliko krimu.

Mama alibaki kujifunga. Nesi akanisindikiza nje, kwa sababu hata siku ile hakuweza kuacha mgeni atoke peke yake. Pale uani nilimuuliza, na sikupunguza sauti. "Mara ya kwanza, kidonda kilipopasuka. Hukushuku?"

Alisafisha miwani kwa sweta. "Nilishuku."

"Ukashuku ukampa rangi."

"Ningemwambia avue, asingerudi. Angewaambia wenzake, nao wasingerudi. Wanawake wote wale wangekwenda wapi?"

"Hospitali," nikasema. "Wangekwenda hospitali."

Alifungua mdomo, nikadhani atatoa ule usemi wake wa kunikatiza. Hakuutoa. Alisema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Nilitaka warudi kwangu."

Mama akatoka akichechemea, amebeba mkungu mdogo wa ndizi aliopewa na binti wa Nesi, uso umemng'aa kama aliyetoka kutibiwa. Alimkumbatia Nesi, akamshikilia, kisha akanigeukia mimi.

"Umemshukuru Nesi?"

"Bado," nikasema, na nilihakikisha Nesi anasikia. "Tukitoka Mwanza nawe uko hai, nitakuja mwenyewe kumshukuru."